Mgeni wa Wiki Mbili na Mtoto wa Siku Zote



Labda wengine watauliza, mtu wa reli ana habari gani na tiba ya viungo vya watoto? Nitajibu mara moja. Mimi ni mjomba. Dada yangu ameolewa Mwabungo, na mtoto wake wa pili, mwenye miaka 6, hawezi kutembea. Kwa Wadigo mjomba si mtu wa kando. Zamani hata urithi ulipita kwake, na mpaka leo mtoto akiwa na shida, mjomba huulizwa. Basi nimeulizwa, na jibu langu nalileta mbele yenu, kwa sababu najua ya kwamba wako wanachama wengi wenye mtoto wa namna hii nyumbani, nao hawamtaji.

Kwa wasiopajua, Mwabungo ni kijiji cha pwani ya kusini. Ukivuka Likoni, ukapita Ukunda ukielekea Msambweni, utakifikia kabla ya Msambweni. Watu wake wengi ni Waislamu, wavuvi na wakulima, na vijana wengi hutafuta kazi katika mahoteli ya Diani. Reli haifiki huko. Lakini wageni hufika.

Kila mwaka huja vikundi vya vijana kutoka ng'ambo, hasa Marekani, wanafunzi wa vyuo vinavyofundisha tiba ya viungo. Wengine husomea fiziotherapi, yaani kunyosha na kutia nguvu mikono, miguu na mgongo. Wengine husomea ile iitwayo tiba ya kazi, yaani kumfundisha mtu mwenye ulemavu kazi za kila siku, kama kukaa, kushika kijiko, kuvaa shati, kwenda chooni. Huja kwa safari ya kanisa, hukaa wiki moja au mbili, huwahudumia watoto bila malipo, kisha hurudi kwao. Safari za namna hii ziko sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, si Mwabungo tu.

Nataka kusema juu ya wageni hawa bila chuki na bila kujipendekeza. Mimi mwenyewe nilisoma shule ya msingi ya misheni, nikafundishwa kusoma, kuhesabu na kusali. Sitasahau fadhili hiyo. Lakini aliyefundishwa kusoma amefundishwa pia kuuliza.

Kwanza nitasema niliyoyaona kwa macho yangu. Mwaka juzi nilipata likizo, nikamchukua mpwa wangu mgongoni mpaka mahali walipokuwa wageni. Mtoto huyu hakulia alipozaliwa. Alichelewa kupumua, na ubongo wake ukaumia. Ugonjwa huu waitwa mtindio wa ubongo. Si laana, si pepo, wala si kosa la mama. Mtoto mwingine huupata kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, mwingine kwa umanjano mkali wa siku za kwanza, mwingine kwa malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo.

Binti mmoja katika wanafunzi wale alikaa naye mchangani karibu saa nzima. Hakuwa na haraka. Alimwegemeza vizuri, akamshika kiwiko, akamwachia kidogo kidogo, na mtoto akapeleka kijiko kinywani kwa mkono wake mwenyewe. Dada yangu alilia. Nami nilitazama pembeni, maana sikutaka watu waone machozi yangu. Jambo hili lilitokea, nami sitaliondoa katika hesabu.

Wakampa pia kiti cha maboksi na karatasi, kilichobandikwa kwa uji wa unga mpaka kikawa kigumu kama ubao. Ufundi huu wa viti vya karatasi ulianzia Zimbabwe, nao ni ufundi mzuri kwa watu wasio na fedha. Wakampa na magango mawili ya kushika miguu isipinde. Wakampa karatasi ya mazoezi, iliyoandikwa kwa Kiingereza. Mwisho wakapiga picha.

Dada yangu akamwambia mkalimani, "Niulizie. Wiki ijayo nitamwendea nani?"

Mkalimani aliuliza. Wageni wakatazamana. Mmoja akasema watamwombea.

Ndugu zangu, swali la dada yangu ndilo habari yote ya barua hii.

Yaliyofuata ni haya. Baada ya miezi michache mtoto alikua, kama watoto wote wakuavyo. Gango la kushoto likaanza kumbana, likamtia kidonda juu ya kifundo cha mguu. Hapakuwa na mtu wa kulilegeza au kulikata upya, basi mama akalivua, akaliweka juu ya kabati. Kiti kikawa kidogo. Karatasi ya Kiingereza ikakaa ndani ya Msahafu, kwa kuwa mama aliiheshimu ingawa hakuweza kuisoma. Kikundi kingine kilipokuja mwaka uliofuata, watu wengine, sura nyingine, kilianza kwa kuuliza, "Mtoto huyu ana nini?" Hapakuwa na faili, wala hapakuwa na mtu aliyebaki kati ya kikundi na kikundi aliyejua ya kwamba mtoto huyu aliwahi kushika kijiko.

Ni lazima tuelewe jinsi ugonjwa huu ulivyo. Jeraha la ubongo lenyewe haliongezeki. Kinachoongezeka ni ukakamavu wa misuli. Mtoto hukua mifupa, lakini misuli iliyokaza haiifuati, basi viungo hupinda, na vikipinda sana havinyoshwi tena kwa mkono, hutaka kisu cha daktari. Kwa hiyo dawa yake ni kazi ya kila siku, miaka na miaka, kumnyosha, kumkalisha, kumgeuza, kumzoeza. Hata mtoto wa mguu kifundo, ambaye tiba yake ni nyepesi kuliko hii, hufungwa plasta mpya kila wiki kwa wiki kadhaa, kisha huvaa viatu vya chuma usiku mpaka afike karibu miaka 4. Hakuna hata moja katika tiba hizi inayoingia ndani ya wiki mbili.

Sisi watu wa reli twalijua jambo hili kuliko wengi. Njia ya reli haitunzwi na mkaguzi apitaye na toroli. Mkaguzi ana faida, huona kosa, huandika. Lakini njia hutunzwa na genge. Genge lina mnyapara wake na kipande chake cha njia, nalo hukitembea kila siku, mvua na jua, likikaza misumari, likishindilia kokoto chini ya mataruma. Mkaguzi asipokuja mwezi mzima, treni itapita. Genge lisipokuwapo mwezi mzima, treni itaanguka. Watoto wa Mwabungo wanapata wakaguzi. Genge liko wapi?

Wengine watajibu, "Hatuna wataalamu, ndiyo maana wageni huja." Si kweli. Chuo cha serikali cha KMTC, kilichoanza mwaka 1927, kinafundisha fiziotherapi na tiba ya kazi, na pale Msambweni penyewe pana tawi la KMTC. Bunge lilipitisha Sheria ya Wafiziotherapi mwaka 2014, na Sheria ya watu wa tiba ya kazi mwaka 2017. Sheria hizo zataka afanyaye kazi hii awe ameandikishwa, awe na leseni. Chama cha kuwasaidia wenye ulemavu wa viungo, APDK, kipo tangu mwaka 1958, nacho kilianzisha karakana za Bombolulu hapa Mombasa mwaka 1969. Kazi hii si ngeni kwetu. Wako vijana wa Kikenya waliosoma, wakafaulu, wakaapishwa, na sasa wanauza simu au wanasubiri matangazo ya kazi. Kinachokosekana ni mshahara wa kuwaweka kijijini. Na tangu mwaka 2013, hospitali na zahanati zilipopewa kaunti, mshahara huo ni habari ya kaunti na bajeti yake.

Tena tazameni jambo lingine. Huko Marekani mwanafunzi wa tiba ya kazi hatakiwi kumhudumia mgonjwa peke yake. Kanuni za vyuo vyao zamtaka afanye angalau wiki 24 za kazi ya mazoezi, akiangaliwa na mtaalamu, kabla hajamaliza masomo. Hilo ni jambo la haki. Nasi dereva mwanafunzi hapewi injini peke yake, hukaa na dereva mkuu ubavuni. Basi ikiwa mtoto wa Chicago hawezi kushikwa na mwanafunzi asiyeangaliwa, mtoto wa Mwabungo ana mifupa ya namna gani hata ashikwe? Vikundi vingine huja na mwalimu wao, na hilo ni jema. Lakini mwalimu huyo hajui Kiswahili wala Kidigo, hajui mama analala wapi na mtoto, hajui kisima kiko mbali kiasi gani. Mtaalamu mwenyeji ndiye ajuaye, naye aghalabu hata haitwi.

Sasa niseme juu ya dini, maana nikiacha mtasema nimeogopa. Wageni hawa ni Wakristo, nami ni Mkristo. Dada yangu alisilimu alipoolewa, na mtoto ni Mwislamu. Siku ile waliweka mikono juu ya kichwa cha mtoto wakasali kwa jina la Yesu. Hawakumwuliza mama. Mama alinyamaza. Baadaye nilimwuliza kwa nini alinyamaza, akaniambia, "Kaka, mwenye shida hachagui." Neno hilo lilinichoma. Mama asilazimike kulipa tiba ya mtoto wake kwa kunyamaza juu ya dini yake. Kama ni sadaka, iwe sadaka. Kama ni bei, itajwe, ili mtu ajue ananunua nini. Na picha ni vivyo hivyo. Picha ya mpwa wangu akiwa hana shati iko ng'ambo katika mikono ya watu nisiowajua, na hakuna aliyeomba ruhusa.

Lakini sitaki kuwapiga Wakristo wenzangu kwa fimbo yangu. Nataka kuwapiga kwa fimbo yao wenyewe. Shuleni tulifundishwa habari za Msamaria mwema, na wote twamsifu kwa kuwa alisimama njiani akamfunga majeruhi vidonda. Lakini watu husahau mwisho wa habari. Msamaria alikuwa msafiri. Hakuweza kukaa, alikuwa na safari yake, kama wageni wetu. Alifanya nini? Alimpeleka majeruhi kwa mtu asiyesafiri, mwenye nyumba ya wageni. Akatoa fedha zake akamlipa. Akamwambia ya kwamba, akigharimu zaidi, atamrudishia atakaporudi. Yaani alijua mipaka yake, akamweka mwenyeji kazini, akalipa mshahara wake, akaahidi kurudi kufanya hesabu. Hiyo ndiyo huduma ya msafiri. Kumfunga mtu vidonda na kumwacha njiani si habari ya Msamaria mwema.

Na wamisionari wa zamani, pamoja na makosa yao, walijua kukaa. Johannes Rebmann alifika hapa pwani mwaka 1846, akakaa Rabai mpaka mwaka 1875, miaka 29, akaondoka akiwa kipofu. Hata leo kazi ya kanisa inayodumu ipo. Kijabe, ambako njia yetu ya reli ya zamani hupita, pana hospitali ya upasuaji wa watoto wenye ulemavu iliyofunguliwa mwaka 1998, na mlango wake hufunguliwa kila siku. Basi hatuombi jambo ambalo kanisa haliliwezi.

Wazee wetu wana methali mbili juu ya mgeni, na zote mbili ni za kweli. Ya kwanza, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kosa letu ni kwamba twaimba ya kwanza, twaogopa ya pili. Kumpa mgeni jembe si kumtukana. Ni kumwambia, karibu, kazi yetu ni hii, shika hapa.

Kwa hiyo natoa shauri langu, wanachama mlipime.

Kwanza, kikundi cha wanafunzi kikija, kifanye kazi chini ya mtaalamu mwenyeji mwenye leseni. Yeye ndiye mnyapara. Wanafunzi wajifunze kwake, nao wamfundishe walichonacho kipya. Kila mtoto awe na karatasi yake ya Kiswahili, moja ikae kwa mama na moja zahanati, ili kikundi kijacho kisianze na "Mtoto huyu ana nini?"

Pili, kikundi kilipe mwenye nyumba ya wageni. Nauli ya ndege ya mwanafunzi mmoja kutoka Marekani, kuja na kurudi, yapita mshahara wa mwezi wa kijana wetu anayeanza kazi hii. Sisemi wasije. Nasema, wanapokusanya fedha za safari makanisani mwao, wakusanye na za miezi ambayo hawapo.

Tatu, mama aulizwe kabla ya sala na kabla ya picha, na akikataa, mtoto ahudumiwe vile vile.

Nne, na hapa nawageukia ninyi, tusitegemee wageni kwa haki iliyo yetu. Wazee wetu wa reli na bandari walipogoma Mombasa Januari mwaka 1947 hawakuomba sadaka, walidai ujira wa kazi yao. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kupata shule na vifaa vya kumsaidia. Tangu Oktoba mwaka 2024 sisi wa mshahara tunakatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya SHA. Ni fedha zetu. Yatupasa kuuliza katika kila mkutano, je, mtoto wa mwanachama akihitaji kunyoshwa viungo mara mbili kwa wiki kwa miaka 10, fedha hizi zinamfikia wapi? Na makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na wananchi wana haki ya kusikilizwa. Matawi yetu yapeleke watu. Wasiseme, "Tusaidieni." Waseme, "Andikeni nafasi ya mtaalamu wa viungo katika zahanati, na mbele yake andikeni mshahara."

Najua wengine watasema watoto hawa ni wachache. UNICEF ilihesabu mwaka 2021 kwamba duniani wako watoto wenye ulemavu karibu milioni 240, yaani mmoja katika kila kumi. Hesabu ya watu ya Kenya ya mwaka 2019 ilisema wenye ulemavu ni asilimia 2.2 tu, lakini idadi hiyo ilikuwa ya watu wa miaka 5 na zaidi. Wadogo, ambao viungo vyao vingaliwahi kunyoshwa, hawamo. Na wengine hawamo kwa sababu sisi baba zao na wajomba zao tuliwafungia ndani karani alipopita. Hili ni kosa letu, si la mgeni.

Tano basi, na hili halihitaji bajeti, mwanachama mwenye mtoto wa namna hii amtoe nje. Amlete kwenye sherehe zetu. Tawi liwe na mfuko mdogo wa nauli, maana serikali humpa mwenye ulemavu mkali shilingi 2,000 kwa mwezi, na nauli ya mama na mtoto kwenda hospitali kila wiki huweza kuzimaliza kabla mtoto hajala. Haba na haba hujaza kibaba.

Na tukumbuke jambo moja zaidi. Dada yangu huamka kabla ya adhana ya alfajiri. Humgeuza mtoto, humnyosha, humlisha kijiko kwa kijiko, humfulia, humbeba. Jioni huanza tena. Hana likizo, hana saa za ziada, hana chama. Tukisema "mfanya kazi", tumhesabu na yeye. Genge la Mwabungo lipo, lakini lina mtu mmoja tu, naye hana mnyapara wa kumfundisha wala mwenzake wa kumpokea.

Mwezi uliopita nilikwenda tena. Nilikuwa nimeitafsiri ile karatasi ya Kiingereza kwa Kiswahili, nikishirikiana na kijana mmoja aliyemaliza fiziotherapi, ambaye bado hajaajiriwa. Yeye alikataa fedha yangu, lakini nilimlazimisha nauli. Alimtazama mtoto, akamwonyesha mama namna tatu za kumnyosha na namna moja ya kumkalisha. Akalichukua gango lililokuwa juu ya kabati akaligeuza mkononi, akasema mguu umeshalipita, litengenezwe jingine. Dada yangu akamwuliza swali lile lile, "Wiki ijayo nitamwendea nani?"

Kijana alitaja siku atakayorudi. Mpaka sasa amerudi mara tatu. Lakini hawezi kurudi kwa nauli ya mjomba miaka yote, naye ana tumbo lake. Ndiyo maana nimeandika kwenu.

Wageni wakija tena, tutawakaribisha kwa madafu na mahamri kama ilivyo desturi ya pwani. Kisha tutawapa jembe.

Ni mimi mwenzenu,
Mfanya kazi wa njia, Mombasa